Kurejesha Kumbukumbu za Wagonjwa: Ya Jana Isiifute ya Leo

Katika kliniki moja ya binafsi jirani na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, umeme ulikatika asubuhi na kurudi kwa kishindo. Kompyuta iliyohifadhi kumbukumbu za wagonjwa iliwaka, ila sehemu ya majibu ya maabara haikufunguka. Fundi aliitwa. Aliandika amri chache, akarejesha kanzidata nzima kutoka katika nakala ya akiba, na kabla ya adhuhuri tukaendelea na kazi.

Aliyeingia kwanza alikuwa mama mwenye vali bandia ya moyo, anayetumia wafarini ili damu isigande kwenye vali hiyo. Skrini ilionyesha dozi ya miligramu 5 kwa siku. Nilikwisha kushika kalamu aliposema kwa upole, "Samahani daktari, si ulinipunguzia juma lililopita?" Akafungua pindo la khanga na kutoa daftari lake la kliniki. Iliandikwa miligramu 4, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa kuwa kipimo cha INR kilionyesha kuwa damu yake inachelewa mno kuganda. Laiti angenyamaza, ningemrudisha kwenye dozi iliyokuwa ikimweka katika hatari ya kuvuja damu, hata ubongoni.

Nakala iliyorejeshwa ilikuwa ya siku kumi nyuma, nayo iliwekwa juu ya kumbukumbu zilizokuwapo. Sehemu moja tu ndiyo iliyoharibika, lakini siku kumi za sehemu zote zilifutika. Fundi hakutueleza, nasi madaktari hatukumuuliza.

Tatizo hili si geni. Kompyuta kubwa za IBM ziitwazo meinifremu, ambazo mabenki na serikali nyingi duniani zimezitegemea kwa miongo mingi, hutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Amri ya HRECALL huliita faili lililohamishiwa kwenye kanda za sumaku kwa sababu halitumiki mara kwa mara. Faili hilo ni lilelile la asili, mithili ya mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo wake kutoka ghalani. Amri ya HRECOVER huleta kitu tofauti, yaani nakala iliyopigwa siku fulani iliyopita. Ikiwa faili lenye jina hilo bado lipo, mtoa amri hana budi kuchagua. Akiandika REPLACE, nakala huchukua nafasi ya faili lililopo. Akiandika NEWNAME, nakala hukaa kando kwa jina jingine, na vyote viwili hubaki.

Uchaguzi huohuo upo katika programu ndogo zinazotumiwa leo. Kwa kanzidata ya PostgreSQL, programu ya pg_restore ikiongezewa neno --clean hufuta kwanza majedwali yaliyopo kabla ya kuyaunda upya kutoka katika nakala. Njia salama ni kuunda kanzidata tupu kwa amri ya createdb, kurejesha nakala humo, kulinganisha, kisha kuhamisha kile tu kilichopotea. Neno --list huonyesha yaliyomo ndani ya nakala bila kugusa chochote.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya, mfumo unaporejeshwa muulize fundi maswali matatu. Nakala hii ni ya tarehe na saa ngapi? Imewekwa kando, au juu ya iliyokuwapo? Ni wagonjwa gani walihudumiwa baada ya tarehe hiyo? Majibu ya swali la tatu hupatikana katika rejista za karatasi, vitabu vya maabara na dirisha la dawa. Hadi yatakapoingizwa, dozi za wafarini, insulini na dawa za kifafa zisiandikwe kwa kutazama skrini peke yake.

Nakala pia isikae chumba kimoja na kompyuta. Wafanyabiashara wa Soko Kuu la Kariakoo, lililoungua usiku wa Julai 10, 2021, wanajua jinsi moto usivyobagua mali na daftari la mali. Lakini nakala inayotolewa nje ya kliniki ifungwe kwa nywila, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tulinde siri za wagonjwa. Na kila baada ya miezi michache, nakala irejeshwe kwa majaribio kwenye kompyuta nyingine, ili tujue kama inafunguka kabla ya siku ya dharura.

Nawe mgonjwa, tunza daftari lako na uje nalo kila mara. Dozi unayoandikiwa ikitofautiana na unayoijua, sema, hata kama daktari ana haraka na foleni ni ndefu. Katika kliniki ile, mfumo unaporejeshwa sasa hubandikwa karatasi juu ya kila skrini, ikitaja tarehe ya nakala. Haiondolewi mpaka kumbukumbu za karatasi zimalize kuingizwa.