Kaboni iko chini ya kwato

Ndugu wamemba wa kooperative, tuanze na vilauri viwili vya maji.

Kwenye vilima vya Masisi, mbele ya kusema mengi, chukueni bonge moja la udongo kwenye njia ambayo ng'ombe wanapita kila siku kwenda mtoni, na lingine kando ya ugo, pale majani ya kikuyu hayaguswi sana. Yaacheni yakauke mpaka yawe magumu, kisha tieni kila moja ndani ya kilauri chake. Mara nyingi bonge la njiani linabomoka na maji yanakuwa matope. Lile la kando ya ugo linakaa zima, maji yanabaki karibu safi. (Msiyanywe lakini!)

Kinachoshika bonge lile ni mizizi na kaboni. Neno hilo linaogopesha watu kwa mikutano, kumbe tuko nalo mkononi. Jani linavuta hewa ya kaboni, linaigeuza sukari kwa nguvu ya jua, na sehemu ya sukari ile inashuka mpaka kwenye mizizi. Mizizi ikifa, vijidudu vinaikula, na mabaki yanashikamana na udongo. Ndiyo ile rangi nyeusi tunayoijua. Udongo wetu wa volkano unaishika vizuri kuliko udongo mwingine mwingi.

Tunaipoteza kwa meno ya ng'ombe. Jani lililochipuka juzi likirudiwa leo, mmea unakula akiba ya mizizi yake ili uote tena. Ukirudiwa kila siku, mizizi inakuwa mifupi, udongo unabaki uchi, mvua inaupeleka mtoni. Na mtu wa kwanza kulia si dunia, ni sisi: udongo wa namna hiyo haushiki maji, mwezi wa saba majani yanakauka mapema, maziwa yanapungua, na jibini hakuna.

Kwa hiyo tunapashwa kugawa malisho vipande, hata kwa ugo wa miti tu. Ng'ombe watoke kabla majani hayajawa mafupi kuliko ngumi, na wasirudi mpaka yamepona: wakati wa mvua, wiki tatu au nne, wakati wa kiangazi, zaidi sana. Mwenye matete ayakate na kulishia zizini siku zile kipande kinapumzika. Wenye ng'ombe wengi kuliko malisho wanajua kwamba ugo peke yake hautawaokoa.

Sasa, habari ya pesa. Kuna watu wanaozunguka na makaratasi ya kununua kaboni. Hatusemi wote ni waongo. Lakini udongo haujazi kaboni bila mwisho: baada ya miaka mingi unashiba. Ukiulima, sehemu kubwa inarudi hewani. Na ng'ombe mwenyewe, akicheua, anatoa metani, hewa inayopasha dunia joto. Mizizi haifuti deni hilo lote.

Tena wengi wetu tunachunga kwenye ardhi ya mtu mwingine. Mchungaji ndiye anahamisha ng'ombe asubuhi, mwenye hati ndiye anatia sahihi. Mbele ya kuweka kidole, ulizeni karatasi inafunga malisho miaka mingapi, nani anapima udongo, nani anamlipa, na kama mwenye ardhi akiuza, mchungaji anabaki na nini. Majibu yaandikwe, tena kwa Kiswahili, na nakala moja ibaki kwenye ofisi ya kooperative.