Mgeni Njoo, na Mwenyeji Arudi Salama

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuziona motokaa zile zinazopita barabara kuu, zimejaa vumbi, na ndani yake wageni wenye kofia pana na kamera kifuani. Watoto hukimbia kando ya njia wakipunga mikono. Wazee huangalia kidogo, kisha hurudi kwenye maongezi yao. Motokaa zikiisha kupita, kijiji chatulia kana kwamba hapakupita mtu.

Je, umepata kujiuliza wageni hawa ni wangapi, na wanatoka wapi? Tena sisi wenyewe, tunaotoka kwenda nchi za watu, ni nani anayetuhesabu? Leo twataka kuzungumza juu ya jambo hilo. Usidhani ni habari ya watu wa mjini tu. Mlango wa nchi unamhusu kila mzazi.

WAGENI WANAOINGIA

Tuanze na hesabu. Mwaka 2019 waliingia Tanzania wageni 1,527,230. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, hesabu ikaanguka mpaka 620,867. Mwezi wa Aprili mwaka ule ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa, zikaruhusiwa tena mwezi wa Mei. Lakini nchi nyingi zilikuwa zimewafungia watu wao majumbani. Basi, nani angekuja?

Polepole watu wakaanza kurudi. Mwaka 2021 walikuja 922,692. Mwaka 2022 walikuja 1,454,920. Mwaka 2023 walifika 1,808,205, wakawazidi wale wa 2019. Na mwaka 2024 walikuwa 2,141,895. Yaani katika miaka minne hesabu ilizidi mara tatu.

Sababu zake si moja. Watu waliokuwa wamefungiwa nyumbani walikuwa na hamu kubwa ya kusafiri. Tena Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alionekana katika sinema ya kuonyesha uzuri wa nchi yetu, iliyozinduliwa Marekani mwezi wa Aprili 2022.

Fedha nazo zilifuata nyayo za wageni. Mwaka 2019 wageni walileta dola za Marekani zipatazo milioni 2,600. Mwaka 2020 hazikufika hata milioni 750. Mwaka 2024 zilifika karibu milioni 3,900. Usifikiri fedha hizo ni za mwenye hoteli peke yake. Mwaka ule wa ugonjwa alilia mwenye hoteli, akalia na mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, akalia na mama aliyezoea kupeleka mayai na mchicha jikoni kwa wageni. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2020 mgeni hakuja, na mwenyeji aliugua.

SI WATALII WOTE

Hapa lazima tuwe waangalifu. Tukisikia “wageni milioni mbili,” twafikiri ni Wazungu milioni mbili wanaotazama simba. Sivyo. Katika hesabu hii mgeni ni mtu aliyetoka nchi nyingine, akaja kwa muda usiofika mwaka, wala hakuja kuajiriwa hapa. Huyu amekuja kuona wanyama, yule amekuja kwa biashara, mwingine amekuja kwenye mkutano, mwingine kumzika shangazi yake.

Ni kweli kwamba Marekani, Ufaransa na Ujerumani hutuletea wageni wengi. Lakini majirani zetu wa Kenya na Burundi nao ni miongoni mwa wanaokuja kwa wingi. Hao wengi hawashuki katika ndege. Wanashuka katika basi, na mzigo kichwani. Mwenye kamera huhesabiwa mmoja, na mwenye kapu huhesabiwa mmoja. Mbele ya kitabu cha mpakani wote ni sawa.

MLANGO ULIPOFUNGWA

Wazee wanakumbuka kwamba mlango huu umepata kufungwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwezi wa Februari. Zamani watalii wengi walishukia Nairobi, wakaja kwa motokaa kuiona Serengeti na Ngorongoro, kisha wakarudi walikotoka. Mpaka ulipofungwa, wageni wakapungua. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, ukabaki na kazi ya kujitafutia wageni wake wenyewe.

Lakini walioumia zaidi hawakuwa watalii. Wamasai wana ndugu pande zote mbili. Wakurya vilevile. Wadigo vilevile. Mtu aliweza kuona moshi wa jiko la mjomba wake, asiweze kwenda kumwamkia kwa njia ya halali. Mpaka ulikuja kufunguliwa mwezi wa Novemba 1983.

Siku hizi mambo ni mepesi zaidi. Mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki yalianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Tena katika mipaka mingi, kama Namanga, Holili, Sirari, Mutukula, Rusumo, Kabanga na Tunduma, vimejengwa vituo vya pamoja. Zamani msafiri alisimama mara mbili: akagongewa muhuri wa kutoka upande huu, akatembea, akapanga foleni tena upande wa pili. Sasa maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, katika nchi ile unayoiingia. Unasimama mara moja tu, unamaliza, unaendelea na safari.

Wanaokwenda kuhiji Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni, wanajua faida yake. Basi lililojaa akina mama na vijana wa kwaya likipita Mutukula, nalo huingia katika hesabu. Hao ndio “watalii” wa vijijini kwetu! Lakini wanajua pia kwamba urahisi si ruhusa ya kwenda mikono mitupu. Asiye na hati ya safari hurudishwa, wenzake wakaendelea wakiimba.

WATOTO WETU WANAOTOKA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Watu wetu kwenda mbali kutafuta kazi si habari mpya. Katika siku za ukoloni vijana wa upande wa Rungwe walikwenda mpaka migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli. Wengine hawakurudi.

Siku hizi wanaotoka ni wasichana pia. Wanakwenda Omani na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wapo waliopata mabwana wema, wakajenga nyumba ya bati kwa wazazi, wakawasomesha wadogo zao. Hilo tusilifiche. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi Omani na katika Falme za Kiarabu. Wengi wao walisema walinyang’anywa pasipoti walipofika. Wapo waliofanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku wa manane bila siku ya kupumzika. Wapo walionyimwa mshahara, na wapo waliopigwa.

Jambo hili lina mzizi wake. Katika nchi hizo iko desturi iitwayo kafala. Kibali cha mfanya kazi mgeni hufungamanishwa na bwana wake. Binti akitoroka kwa sababu ya mateso, yeye ndiye anayeweza kuhesabiwa kuwa mkosaji. Miaka ya karibuni sheria zimelegezwa kidogo mahali pengine, lakini mwenye pasipoti mkononi mwa mtu mwingine angali mtumwa wa hofu.

Tena mara nyingi shida huanzia hapa hapa kijijini. Anakuja mtu mwenye maneno matamu. Anasema: “Mama, mtoto wako atapata kazi nzuri dukani. Nauli nitalipa mimi. Pasipoti nitatengeneza mimi. Usiwaambie majirani, wataona wivu.” Binti anaondoka alfajiri. Penye mpaka au uwanjani anafundishwa kusema kwamba anakwenda kutembea tu. Basi katika kitabu anaandikwa msafiri wa matembezi, wala si mfanya kazi. Ubalozi wetu haujui kwamba yupo. Akipata shida, nani atamtafuta? Mtu asiyeandikwa hapotei tu. Hata kutafutwa hatafutwi.

WANAOPITA USIKU

Wapo na wengine ambao hawamo katika kitabu chochote. Vijana wa Ethiopia na Somalia hupita nchini mwetu kwa siri, wakielekea Afrika ya Kusini. Hawapiti kituoni. Wanapita porini au ndani ya malori, chini ya turubai, wamebanana kama magunia.

Mwezi wa Juni 2012, katika mkoa wa Dodoma, miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa porini. Walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, nao wakatupwa pamoja na wenzao waliokuwa bado hai. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu. Huko kwao pengine mama alikuwa akiuza ng’ombe ili kulipa deni la nauli, naye hajui kwamba safari imekwisha kuishia Tanzania. Mwaka ule wageni wenye mihuri walihesabiwa mmoja mmoja. Hawa walihesabiwa baada ya kufa.

YAFAA TUFANYE NINI?

Hatusemi vijana wasisafiri. Asiyetembea hajui mengi. Twasema wasafiri kwa mlango, wasipite dirishani.

Kwanza: Hati ya safari ishikwe na mwenyewe. Pasipoti mpya za kielektroni zilianza kutolewa mwaka 2018, na huombwa Idara ya Uhamiaji. Mwenye kutengenezewa pasipoti na mtu asiyemjua amekwisha mkabidhi mtu huyo maisha yake. Kwa safari za nchi jirani ulizeni ofisi ya Uhamiaji ni hati gani inayotakiwa, na ulizeni pia habari za cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Muulize ofisa, msimwulize kijana wa stendi.

Pili: Anayekwenda kazini awe na mkataba aliousoma na kuufahamu, wenye jina la bwana, mshahara, saa za kazi na siku ya mapumziko. Mkataba huo upitie kwa maofisa wa kazi wa Serikali, na ubalozi wetu katika nchi anayokwenda uujue. Mtu akisema mambo hayo yanachelewesha bure, mwogope.

Tatu: Nakala ya pasipoti na ya mkataba ibaki nyumbani, mahali pakavu pamoja na vyeti vya ubatizo na hati ya shamba. Anayepata taabu mbali huokolewa na karatasi zilizobaki kwa mama yake.

Nne: Safari isiwe siri. Anayesema “usiwaambie majirani” anaogopa mashahidi. Mwiteni katekista, mwiteni mwenyekiti wa kitongoji, mwiteni mjomba. Akiwa mtu mwema hatakataa kuonekana.

Ndugu msomaji, nchi yetu imejifunza kuwahesabu wageni vizuri. Twajua kwamba mwaka 2024 walikuja 2,141,895, wala hatusemi “kama milioni mbili hivi” tukanyamaza. Ni vema. Lakini nyumba nayo ina hesabu yake. Wahenga wanasema: Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Anayekwenda mbali atataka kurudi, na ili arudi lazima kuwe na mtu anayejua alikokwenda.

Basi leo jioni, watu wa nyumbani mtakapokusanyika kwa chakula, ulizaneni: katika ukoo wetu ni nani yuko nje ya nchi? Anwani yake iko wapi? Mara ya mwisho tulisikia sauti yake lini? Kama hakuna anayeweza kujibu, msingoje kesho.