HISA INAPOSHUKA BEI: JE, IMEKUWA RAHISI KWELI?

Katika mnada wa Msalato, mjini Dodoma, ng'ombe aliyekonda huuzwa kwa bei ya chini. Mfugaji mzoefu hamnunui kwa ajili ya bei hiyo peke yake. Kwanza hutaka kujua amekondeshwa na nini. Aliyekondeshwa na kiangazi hunenepa mvua zikinyesha. Aliyekondeshwa na maradhi hufia zizini mwa mnunuzi.

Kanuni hiyo yafaa kufuatwa na chama cha msingi kinachokusudia kuweka akiba yake katika hisa. Bei kushuka si dalili kwamba hisa imekuwa rahisi. Hisa huwa rahisi pale tu bei yake inapokuwa chini ya thamani ya kampuni yenyewe, yaani mali zake baada ya kutoa madeni, pamoja na faida itakayopatikana katika miaka ijayo.

Mfano wa kwanza ni benki ya CRDB, ambayo wanahisa wake ni pamoja na vyama vya ushirika. Ilipoingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2009, hisa yake iliuzwa shilingi 150. Mwaka 2017 mikopo isiyolipika ilipunguza sana faida, na baadaye bei ikashuka chini ya ile ya mwanzo. Hata hivyo benki haikuingia katika hasara, na iliendelea kutoa gawio. Faida ya mwaka 2019, takriban shilingi bilioni 120, ilizidi mara tatu ile ya 2017. Aliyesoma hesabu aliona nafuu hiyo kabla soko halijaitambua. Miaka michache baadaye bei ilivuka shilingi 400.

Mfano wa pili ni kampuni ya sukari ya Mumias, nchini Kenya, iliyoingia sokoni mwaka 2001. Hasara zilifuatana, madeni yakaongezeka, wakulima wakacheleweshewa malipo, na miwa ikapungua kiwandani. Hisa ilishuka hadi chini ya shilingi moja ya Kenya. Mwezi Septemba 2019 benki iliyokuwa ikiidai iliiweka chini ya msimamizi. Kila ilipoonekana rahisi, ilikuwa bado ghali.

Kwa hiyo kamati ijiulize:

1. Je, faida imepunguzwa na jambo la kupita, au biashara yenyewe inapoteza wateja na malighafi?
2. Je, kampuni yaweza kulipa madeni yake bila kukopa tena?
3. Je, gawio latokana na faida, au na mkopo na mali iliyouzwa?
4. Je, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitano zaonyesha nini?

Likikosekana jibu hata moja, hisa isinunuliwe. Aidha, fedha za pembejeo za msimu ujao zisiwekwe humo kamwe, kwa kuwa msimu haungoji soko lipande. Akiba ya chama ni jasho la wanachama. Uamuzi wa kuitumia ufikishwe kwanza mbele ya mkutano mkuu.