Sarufi ya Kuongeza na Kupunguza: Uandikaji na Urekebishaji wa Fomula za Kale za Mitishamba ya Kichina

1.0 Utangulizi

Ni nadra kwa tabibu wa jadi ya Kichina kumwandikia mgonjwa mmea mmoja. Kwa kawaida huandika fomula, yaani mkusanyiko wa viambato wenye jina, vipimo na maelekezo ya upishi. Fomula nyingi zinazotumika hadi leo zimetoka katika Shanghan Lun, kitabu kilichoandikwa na Zhang Zhongjing mwanzoni mwa karne ya 3. Katika dibaji ya kitabu hicho, Zhang anaeleza kuwa ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200. Katika muda usiotimia miaka kumi tangu mwaka 196, theluthi mbili yao walikuwa wamekufa, wengi wao kwa maradhi ya homa yaliyoitwa shanghan. Kwa hiyo fomula zake hazikuzaliwa katika mjadala wa kinadharia, bali katika msiba.

Tangu hapo watumiaji wa fomula hizo wamekabiliwa na tatizo moja. Fomula huheshimiwa kama urithi, lakini hakuna mgonjwa anayefanana moja kwa moja na maelezo ya kitabu. Tabibu hana budi kurekebisha. Je, mabadiliko yafike kiwango gani kabla fomula haijaacha kuwa yenyewe? Makala hii inachunguza swali hilo kwa kutumia fomula iitwayo Guizhi Tang, yaani mchemsho wa vijiti vya mdalasini, pamoja na fomula zilizotokana nayo. Hoja kuu ni kwamba fomula ya kale ina mpangilio unaokaribiana na sarufi, na kwamba urekebishaji halali ni ule unaozingatia uhusiano wa kiambato, kipimo na dalili. Jina peke yake halitoshi kuthibitisha uhalali huo.

2.0 Muundo wa Fomula

Guizhi Tang ina viambato vitano: vijiti vya mdalasini liang 3, mizizi ya shaoyao (peoni) liang 3, mzizi mtamu wa gancao uliokaangwa liang 2, tangawizi mbichi liang 3, na matunda 12 ya dazao, ambayo ni ya jenasi moja na kunazi. Viambato huchemshwa kwa moto mdogo katika sheng 7 za maji hadi zibaki sheng 3, na mgonjwa hunywa sheng 1 kwa mara moja. Muda mfupi baadaye hunywa uji mwepesi wa mchele ulio moto, kisha hufunikwa apate jasho jembamba. Jasho likitoka na nafuu ikipatikana, dozi zilizosalia huachwa. Hivyo uji na blanketi ni sehemu ya fomula sawa na mdalasini wenyewe, ingawa havimo katika orodha ya viambato.

Wafafanuzi wa baadaye, akiwemo Cheng Wuji wa karne ya 12, walivieleza viambato vya fomula kwa istilahi za utawala zilizokwishatumiwa katika matini za kale zaidi: jun (mfalme), chen (waziri), zuo (msaidizi) na shi (mjumbe). Katika ufafanuzi uliozoeleka wa Guizhi Tang, mdalasini ni mfalme na shaoyao ni waziri. Tangawizi na dazao ni wasaidizi. Gancao ni mjumbe anayevipatanisha vyote. Jambo la kuzingatia ni kwamba vyeo hivi si sifa za kudumu za mimea. Kiambato kilicho mfalme katika fomula moja huweza kuwa msaidizi katika nyingine, kama vile nomino moja iwezavyo kuwa kiima katika sentensi hii na yambwa katika sentensi ile. Cheo hutokana na uhusiano.

Aidha, Shanghan Lun hutofautisha nguvu ya uamuzi wa tabibu kwa uteuzi wa maneno. Mahali pengine fomula husemwa kuwa ndiyo itawalayo ugonjwa. Penginepo husemwa kuwa yafaa, au kuwa yaweza kutolewa. Isitoshe, kitabu huita hali ya mgonjwa kwa jina la dawa: mgonjwa husemwa kuwa na "dalili za Guizhi". Kwa mtazamo huu, kutambua ugonjwa na kuchagua fomula si hatua mbili zilizo mbalimbali. Ndiyo maana kitabu hutoa pia makatazo: mwenye homa asiyetoka jasho, na mapigo ya mshipa wake yakiwa yamekaza, asipewe Guizhi Tang.

3.0 Aina za Urekebishaji

Urekebishaji huitwa jiajian, yaani kuongeza na kupunguza. Katika jamii ya Guizhi Tang aina tatu zinajitokeza.

Ya kwanza ni kuongeza kiambato. Mgonjwa mwenye dalili za Guizhi ambaye pia shingo na mgongo vimekakamaa huongezewa gegen, mzizi wa mmea wa jamii ya kunde. Anayehema kwa shida huongezewa gome la houpo na kokwa za aprikoti. Aliyetokwa na jasho lisilokoma, akahisi baridi ya upepo na viungo vikajikaza, huongezewa fuzi, mzizi wa akoniti. Huo una sumu kali, na kwa desturi hutayarishwa na kuchemshwa kwa muda mrefu kabla ya kunywewa.

Ya pili ni kupunguza. Mgonjwa aliyepewa dawa ya kuharisha pasipostahili, kifua kikamjaa na mapigo yakaenda mbio, huondolewa shaoyao.

Ya tatu hugusa kipimo tu, nayo ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Mdalasini ukipandishwa kutoka liang 3 hadi 5, fomula hulenga hali iitwayo bentun, ambapo mgonjwa huhisi kitu kikipanda kwa kasi kutoka tumboni kuelekea kifuani. Shaoyao ikipandishwa hadi liang 6, fomula hulenga tumbo lililojaa na kuuma. Viambato ni vilevile vitano, lakini dawa si ileile.

4.0 Jina na Uhalali wa Mabadiliko

Majina ya fomula hizi huonyesha wazi asili yake: "Guizhi yenye nyongeza ya gegen", "Guizhi iliyoondolewa shaoyao". Hata hivyo, uwazi huo una mpaka. Shaoyao ikiongezwa maradufu na kutiwa pia sukari ya kimea, jina halisemi tena "Guizhi yenye nyongeza". Fomula huitwa Xiao Jianzhong Tang, mchemsho mdogo wa kujenga sehemu ya kati, yaani mfumo wa tumbo. Xu Dachun (1693–1771) aliutumia mfano huu katika insha yake kuhusu kuongeza na kupunguza katika fomula za kale. Kwa maoni yake, lengo la fomula likibadilika, jina nalo hubadilika, hata kama viambato vingi vimebaki. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulinganisha na mnyambuliko wa vitenzi. Katika "pika" na "pikia" maana ya shina inaonekana bado. Lakini "amkia", kwa maana ya kusalimu, haiwezi kukisiwa kutokana na "amka" peke yake. Umbo limetokana na shina, bali maana imejitenga.

Xu aliwalaumu pia matabibu wa zama zake waliochukua kiambato kimoja au viwili vya fomula mashuhuri, wakaondoa kile kilichobeba nguvu yake, kisha wakaendelea kuiita kwa jina lile la kale. Dawa iliposhindwa, lawama ilitupiwa fomula.

Uhusiano wa jina, dalili na viambato husaidia hata katika uhakiki wa matini. Wahariri wa serikali ya Song waliochapisha Shanghan Lun mwaka 1065 walikuta mahuang katika orodha ya viambato vya Guizhi yenye gegen. Waliandika shaka yao: mahuang hutumika kwa mgonjwa asiyetoka jasho, ilhali mgonjwa wa kifungu hiki anatoka jasho. Walihitimisha kuwa huenda fomula ya asili ilikuwa Guizhi Tang iliyoongezwa gegen tu. Wahariri hao hawakuifuta orodha waliyoirithi. Waliisahihisha kwa maelezo, kwa kufuata kanuni za kitabu chenyewe.

Hatari ya kushika jina bila dalili ilidhihirika nchini Japani. Huko fomula nyingi za kale hutolewa kama chembechembe zilizotengenezwa viwandani, ambazo tabibu hawezi kuzipunguza kiambato. Fomula ya Xiao Chaihu Tang, inayojulikana huko kama Sho-saiko-to, ilitolewa kwa wingi kwa wagonjwa wa homa ya ini ya muda mrefu. Mara nyingi kigezo kilikuwa jina la ugonjwa katika tiba ya kisasa, si mkusanyiko wa dalili unaotakiwa na fomula. Mnamo Machi 1996 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa wagonjwa 88 walikuwa wamepata uvimbe wa tishu za mapafu, na 10 kati yao walifariki. Baadhi yao walikuwa wakitumia pia dawa ya interferoni. Haiwezi kudaiwa kuwa kufuata dalili za kale kungewaokoa wote, kwani mmea una athari zake bila kujali nadharia ya anayeutoa. Hata hivyo, tukio hilo laonyesha kuwa fomula iliyotengwa na masharti yake hubaki jina tu.

5.0 Tatizo la Vipimo

Liang ya zama za Han hukadiriwa kuwa kati ya gramu 13 na 16. Li Shizhen (1518–1593) alishauri kuwa liang moja ya kale ichukuliwe kama qian moja ya wakati wake, yaani sehemu moja ya kumi ya liang ya wakati huo. China ilipohamia vipimo vya metriki katika uandikaji wa dawa mwaka 1979, qian moja ilikadiriwa kuwa gramu 3. Hivyo mdalasini wa Guizhi Tang, uliokuwa gramu 40 au zaidi, huandikwa gramu 9 katika vitabu vya mafunzo.

Uwiano wa viambato vilivyopimwa kwa uzani haukuathirika. Tatizo limo katika vile vilivyohesabiwa. Matunda 12 ya dazao hayana liang ya kubadilishwa. Yakibaki 12 huku tangawizi imeshuka hadi gramu 9, uwiano umevurugika. Yakipunguzwa, tarakimu ya kitabu imeachwa. Vitabu vya mafunzo havikubaliani kuhusu jambo hili. Kwa hiyo hata tabibu anayedai kutobadilisha chochote tayari amefanya urekebishaji.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa urekebishaji si uvunjaji wa fomula ya kale, kwani umo ndani ya matini yenyewe. Imebainika pia kuwa si kila badiliko ni urekebishaji. Badiliko halali huanzia kwenye dalili iliyoonekana, hugusa kiambato au kipimo kinachohusika nayo, na huulinda uhusiano uliobaki. Uhusiano huo ukigeuka, uaminifu wadai jina jipya. Kwa watafiti wa istilahi, funzo ni kwamba kutafsiri majina ya mimea peke yake hakutoshi. Tafsiri ya fomula katika Kiswahili inapaswa kubeba pia vipimo, upishi, makatazo na viwango vya uhakika wa tabibu, kwa kuwa humo ndimo ilimo kinga ya mgonjwa.