Tulioanika Mawe Juani

Sisi tuliokulia Likoni twayakumbuka mawe ya redio. Yakilegea, sauti ya mtangazaji ikawa kama ya mtu aliyetumbukia kisimani, mama akituamrisha tuyatoe tuyaanike juu ya bati. Jua la adhuhuri liliyachangamsha kidogo, na jioni tukapata taarifa ya habari na, tukibahatika, taarabu moja. Ikawa kwetu ni yakini: betri ikichoka, dawa yake jua.

Yakini hiyo ndiyo iliyoniponza. Dadangu mdogo, mjane akaaye Mtongwe, ana binti afanyaye kazi za nyumbani Riyadh. Mtoto huyo hupata nafasi ya kupiga simu mara moja tu kwa juma, Ijumaa baada ya Alasiri. Dada akanilalamikia: "Kaka, simu yangu hukata kabla sijamjulia hali mwanangu." Nami bila kufikiri nikamjibu: "Iweke dirishani ipate jua, kama mawe ya mama." Akafanya hivyo siku tatu, tena siku za Kaskazi. Ijumaa ilipowadia, mgongo wa simu ulikuwa umefura kama andazi, nayo haikuwaka. Usiku ule dada hakulala, wala mimi.

Asubuhi nilitoka kwangu Kisauni, nikavuka feri. Fundi mmoja kijana karibu na kivuko akaitazama akasema: "Mzee, hii imepigwa na joto. Usiibonyeze wala usiitoboe, itawaka moto."

Ndipo nikaketi kusoma. Betri ya simu ina pande mbili: upande mmoja kobalti, ambayo nyingi ya duniani huchimbwa Kongo, upande wa pili kaboni, kama ile ya ncha ya penseli. Katikati chembe za lithiamu huvuka kwenda na kurudi mfano wa abiria wa feri: ukichaji zaenda, ukitumia zarudi. Elimu hiyo iliwapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino tuzo ya Nobel mwaka 2019. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97.

Tangu Sony ilipoziuza betri hizi kwa mara ya kwanza mwaka 1991, umeme unaobebwa kwa uzito ule ule umeongezeka kama mara tatu. Si haba. Lakini matumizi yamekimbia zaidi. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikaa siku kadhaa kwa betri ndogo. Simu ya leo ina betri yenye chaji zaidi ya mara tano ya ile, na nyingine hazifiki Isha, kwa kioo king'aavyo na intaneti isiyolala.

Na mpaka upo. Chembe sita za kaboni hubeba moja tu ya lithiamu. Silikoni yaweza kubeba nyingi zaidi, ila ikijaa hufura hata mara tatu ya ukubwa wake, ikapasuka. Ndiyo maana watengenezaji huichanganya kidogo kidogo tu. Tena kila safari huacha utando ndani, na abiria wengine hunasa humo wasirudi. Baada ya kuchaji kikamilifu kama mara 500, sehemu moja katika tano ya nguvu yaweza kuwa imekwisha. Joto, hasa likipita nyuzi 35, huharakisha ajali hiyo. Kwa hiyo simu usiiache juani, wala kwenye dashibodi ya tuktuk, wala usiichaji chini ya mto wa kulalia.

Fundi alitutilia betri mpya. Ijumaa iliyofuata nilikuwa nimeketi barazani kwa dada tangu Alasiri. Simu ikalia. Nikamsikia mtoto akiuliza: "Mama, juma lile kulikoni? Nilidhani umefikwa na jambo."

Dada akanitazama, akaninyoshea simu. "Muulize mjombako," akasema.

Nikaipokea, nikamtaka radhi mtoto.