Programu Huria na Uongozi Mbovu: Kweli au Si Kweli?

Umetuma marekebisho, miezi inapita, hakuna anayejibu. Ukiuliza, unaambiwa ushukuru kwa kuwa programu ni ya bure. Kauli za aina hii zimewakimbiza wachangiaji wazuri. Tuzipime.

1. Msimbo ukiwa wazi, uongozi mbovu hauna nafasi.
Si kweli. Kampuni ya Sun Microsystems ilifungua msimbo wa OpenOffice.org, programu ya kazi za ofisi, mwaka 2000, ikaahidi taasisi huru ya kuusimamia. Miaka kumi ikapita, usukani ungali mikononi mwa kampuni. OpenOffice.org ndiyo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.

2. Asiyeridhika anaweza kuchukua msimbo aende zake.
Kweli, lakini kwa gharama. Septemba 2010, kampuni ya Oracle ikiwa imekwisha kuinunua Sun, wachangiaji wa OpenOffice.org walijitenga na kuanzisha LibreOffice. Leseni iliwaruhusu kuondoka na msimbo, jina likabaki kwa Oracle. Mwaka 2011 Oracle iliukabidhi mradi wa zamani kwa shirika la Apache. Kuanzia 2014 hadi 2023 mradi huo ulitoa marekebisho ya toleo la 4.1 tu, huku watu wakiendelea kuupakua kwa sababu ya umaarufu wa jina.

3. Mgawanyiko huua mradi.
Si lazima. Mwaka 1997 watengenezaji waliochoshwa na mwendo wa polepole wa GCC, programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, walijitenga na kuanzisha EGCS, wakawafungulia mlango wachangiaji wengi zaidi. Mwaka 1999 EGCS ndiyo ikawa GCC rasmi.

4. Programu inayotumiwa na wengi ina watunzaji wengi.
Si kweli. OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, ililinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Dosari yake iitwayo Heartbleed ilipofichuliwa Aprili 2014, baada ya kujificha kwa miaka miwili, mradi ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeufanyia kazi muda wote.

5. Anayejitolea hadaiwi chochote.
Si kweli. Hadaiwi kurekebisha kila hitilafu, wala kuvumilia matusi. Lakini aliyeshika funguo za mradi anadaiwa jibu, hata likiwa ni "hapana". Akichoka, aseme, na funguo azikabidhi kwa wengine. Waliotuma marekebisho nao walijitolea. Kukalia kazi yao kimya kimya ni kuwadhulumu.