Nyumba Hii Haiuzwi

Ukiuacha Uwanja wa Mnazi Mmoja na Mtaa wa Lumumba mgongoni, ukaingia mitaa ya ndani ya Kariakoo, utaikuta nyumba moja ya Kiswahili iliyobanwa na maghorofa mawili. Bati limeota kutu, kibaraza kimemegeka upande mmoja, na ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI.

Maneno hayo si mageni Dar es Salaam. Yapo Magomeni, yapo Temeke, na sababu yake kila mtu anaijua: tapeli anachonga hati, analeta mnunuzi wenyewe wakiwa kazini, na jioni mnakuta nyumba imeshakuwa na baba mwingine. Nimeyapita maandishi ya namna hiyo miaka na miaka bila kugeuza shingo. Siku hiyo kilichonisimamisha ni mwandiko. NYUMBA HII imeandikwa kwa utulivu, herufi zimesimama kama za fundi wa mabango. HAIUZWI ni mkono mwingine kabisa. Herufi zimelala, Z imegeuka nyuma mbele, na rangi imechuruzika kutoka kwenye W hadi sakafuni. Ni kama aliyeanza alisita, mwenzake akampokonya brashi.

Kando ya mlango kuna mita za LUKU tano. Mlango wa mbele mmoja, mita tano. Humo ndani watu walishagawana kwa yuniti za umeme zamani, kabla hakimu hajaulizwa chochote.

Sasa maneno yale kaandikiwa nani? Tapeli hasomi kuta, anasoma hati. Jirani anajua habari yote. Mpita njia kama mimi hana hata ya kununulia kile kibaraza. Ukishawatoa hao, wanabaki waliomo ndani pamoja na ndugu zao wanaoonekana Idi na msibani. Ukuta ule, kwa ninavyousoma mimi, unasema na kaka mtu.

Tamthilia huanzia hapo hapo: yupo anayesema, yupo anayesemwa, na lipo jambo ambalo wote wawili wanalijua na hakuna anayelitaja. Ndiyo maana niliondoka pale nikiwa na mwandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein kichwani.

Wengi wetu tulimjulia darasani, kwa Kinjeketile ya mwaka 1969, mchezo wa Vita vya Maji Maji, maji na risasi na Wajerumani. Lakini mzaliwa huyu wa Lindi alianza na mambo ya sebuleni. Wakati Ukuta, mchezo wake wa miaka ya 1960, unaanzia kwa binti anayetaka kwenda sinema na mama asiyetaka kusikia. Alikiona ameujenga juu ya vichekesho, ile michezo mifupi iliyokuwa ikichezwa katikati ya nyimbo za taarabu, ambamo mke, mume na hawara walianikwa mbele ya watu waliovaa vizuri wakaja kucheka. Kicheko kile kilikuwa na woga ndani yake: kila aliyekaa alikuwa akiomba lisitajwe la kwake.

Kisha mwaka 1988 ikaja Kwenye Ukingo wa Thim, na hapo ndipo ninapokwama.

Kisa kile hakukitunga. Wakili S. M. Otieno alifariki Kenya tarehe 20 Desemba 1986. Yeye Mjaluo, mkewe Wambui Mkikuyu, na watoto wamelelewa Nairobi. Mjane akataka kumzika kwenye ardhi yao ya Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Wakaenda mahakamani, na maiti ikabaki mochwari. Ilizikwa tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kifo, Nyalgunga, kwa uamuzi wa Mahakama ya Rufaa. Mjane hakwenda mazishini.

Katika kesi ile hakuna shahidi ninayempenda kama mchimba kaburi. Alikwenda mbele ya jaji akaeleza kuwa marehemu mwenyewe aliwahi kumwambia kuwa siku yake ikifika, amchimbie kwao. Fikiria. Mtu amesimama kando ya kaburi la ndugu yake, anaongea na mwenye jembe kama tunavyoongea sote misibani, nusu utani, nusu huzuni. Neno lile linakaa miaka, halafu linafufuka likiwa limeapishwa. Mke naye ana ya kwake aliyoambiwa ndani, usiku, ambayo hayakuwa na shahidi. Mahakama ilikuwa na mzani gani wa kupimia kauli ya makaburini na kauli ya kitandani?

Hussein aliyachukua hayo, akawaita mume Herbert na mke Martha, akaandika. Thim kwa Kijaluo ni nyika, pori lililo nje ya boma, na Martha amewekwa ukingoni mwake. Anayesoma haoni ugomvi wa kabila na kabila, ingawa magazeti ya Nairobi yaliuuza hivyo. Anaona nyumba ambayo mwenye kauli amekufa, na kila aliyebaki anadai kuishika kauli yake. Ni ugomvi wa Kariakoo huo. Badili kaburi uweke nyumba ya vyumba sita na uani, badili ukoo uweke mashangazi, hutapunguza sana.

Kubadili majina kunatosha? Kuhusu Kinjeketile alijibu mapema: kwenye utangulizi alionya kuwa mtu wa kwenye mchezo wake asichukuliwe kuwa ndiye Kinjeketile wa historia, ni kiumbe wa kubuniwa. Jibu hilo nalikubali kwa mtu aliyenyongwa mwaka 1905. Kwa mjane aliyekuwa hai wakati ule, ambaye watoto wake wangepita dukani wakakuta baba yao kwenye rafu mwaka mmoja tu baada ya mazishi, nasitasita. Wambui alikuja kuyaandika mwenyewe maisha yake, kwa Kiingereza, kitabu kikatoka mwaka 1998. Miaka kumi mizima Martha alikuwa ameshamtangulia kusema.

Hata hivyo nikimsoma Martha namwona mwandishi amekaa upande wake, na siwezi kusema alimwibia. Pengine alimwazima. Ya kuazima nayo hurudishwa, na hii sijui ingerudishwaje.

Kinachonikera zaidi ni kwamba Thim ndiyo tamthilia yake ya mwisho tuliyo nayo mkononi. Za nyumba zetu wenyewe, hizi zinazobomolewa moja moja kupisha maduka ya simu, ataziandika nani? Ya Nairobi ilikuwa rahisi kidogo kuishika, maana mahakama ilishaivua nguo. Ya kwako inataka umtaje mama yako, na Jumapili ukale kwake.

Wiki iliyopita nilirudi pale nikiwa na daftari. Nilikuwa nanakili ile Z iliyogeuka pale mlango ulipofunguka, akatoka bibi mmoja na ndoo ya maji ya kudekia. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akaitua ndoo, akalitazama daftari, akautazama ukuta, akanirudia mimi.

“Umetumwa na nani?”